Mwaka Riba Ilipopanda London

Siku ya kumaliza matanga ya Raya, ndani ya ukumbi wa nyumba yake ya Vitongoji, nilimgombeza mtu mzima mbele ya watu, na sijutii. Khitma ilikuwa imekwisha, masinia ya wali yameshawekwa, na redio ya chumba cha pili ilikuwa inasoma taarifa ya habari kwamba benki kuu imepandisha riba ili kuzuia mfumuko wa bei. Jirani mmoja akamuuliza Suleiman maana yake nini. Suleiman ni mpwa wa marehemu mume wa Raya, anafanya kazi katika benki mjini, kijana mpole mwenye adabu, na alieleza vizuri, hilo nampa. Alisema bei zikipanda kila mwezi, benki kuu inayafanya mabenki mengine yakope kwake kwa gharama kubwa zaidi, nayo yanawapandishia wateja wao, watu wanaacha kukopa, pesa mikononi inapungua, wanunuzi wanakuwa wachache, na muuzaji anakosa wa kumuuzia kwa bei anayotaka. Mwisho bei zinatulia. "Lazima kuwe na maumivu kidogo," akamalizia, "lakini ni ya muda." Nikaacha kula. Nikamuuliza maumivu hayo ni ya nani. Akatabasamu, akasema, "Ya uchumi, bibi." Nikamwambia uchumi hauna nyonga, na huyu tuliyemsomea khitma leo alikuwa nayo. Suleiman aliinamisha uso, na niliona wazi kwamba hakuelewa nimesema nini. Tangu azaliwe alimwona Raya akitembea kwa upande mmoja na hakuwahi kuuliza kwa nini. Hakuna aliyeuliza. Kwao yeye alikuwa Bi Raya kiguru, kama kwamba alizaliwa hivyo.

Kwa hiyo nausimulia mwaka ule. Ni mwaka wa hamsini na saba kuingia hamsini na nane. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nimemaliza shule Wete, nasubiri kujua kama nimepata nafasi ya shule ya wasichana Unguja, na kwa muda wa kusubiri nikapelekwa Konde kukaa kwa shangazi yangu, Bi Time. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na chokaa, ya vyumba vitatu na ukumbi, na kila kilichokuwemo kilinuka karafuu: mito, kanga za sandukuni, hata maji ya mtungini. Jiko lilikuwa nyuma, limeungana na ukumbi kwa dirisha dogo lisilo na ubao, na aliyekaa jikoni alisikia kila neno la wageni bila kutega sikio. Mimi nililala chumba kimoja na Raya, mtoto pekee wa shangazi, ambaye alinizidi miaka mitatu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono yenye nguvu na ulimi usiomwogopa mtu. Alikuwa ameposwa na Khamis, kijana wa Vitongoji, na harusi ilipangwa baada ya msimu wa vuli, karafuu zikishauzwa. Mambo yote ya nyumba ile yalipangwa baada ya karafuu kuuzwa. Bati la kuezekea jiko, godoro, viatu vyangu vya shule ya Unguja, kama ningepata nafasi, vyote vilingoja miti iliyokuwa kwenye kilima nyuma ya nyumba, aliyoiacha mume wa shangazi alipofariki.

Mkarafuu una tabia moja ambayo mtu wa mjini haijui. Ukishaanza kuwiva haukungoji. Vitumba vya karafuu vinageuka kutoka kijani kuwa vyekundu kwa mbali, na hapo lazima vichumwe. Ukichelewa vinachanua, maua yanamwagika chini, na kilichobaki hakina thamani. Mwenye shamba basi anahitaji wachumaji wengi kwa mara moja, na wachumaji wanataka ujira wao kila jioni, ilhali yeye hatapata pesa mpaka karafuu zikauke na kuuzwa. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo alipokuwa Bwana Haidari. Alikuwa mfanyabiashara wa Wete, mnene, mwenye kikohozi, na kila msimu alikuja Konde kabla ya kazi kuanza, akakaa ukumbini kwa shangazi, akala mkate wa kumimina kwa chai ya maziwa, akaacha pesa za wachumaji. Karafuu zikikauka alizichukua yeye na kukata kilicho chake, na alikata zaidi ya alichotoa. Shangazi alilijua hilo na alilinung'unikia, lakini hakuwa na pengine pa kwenda. Shamba lake halikuwa na hati, na bila hati hakuna ofisi iliyomsikiliza mwanamke mjane. Haidari naye hakuwa na pesa zake mwenyewe. Alizipata kwa benki moja ya Unguja, na benki ile ilizipata kwa wakubwa zake huko Ulaya. Kwa hiyo mchumaji wa Konde aliyeshuka mtini jioni na kupokea ujira wake alikuwa ameshika ncha ya kamba ndefu sana, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua ncha ya pili imeshikwa na nani.

Tulijua siku Haidari alipokuja bila mkoba. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, Raya anaparua samaki, na kupitia lile dirisha tulimsikia akikohoa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mkate hakuugusa. Alianza kwa kuuliza hali ya kila mtu, mpaka majirani, kisha akasema mwaka huu hana cha kumpa. Benki imekataa kumkopesha, na si kumkataa tu, imemtaka arudishe alichochukua nyuma kabla hajauza chochote. Shangazi alimuuliza amewakosea nini. Haidari akasema hajawakosea. Meneja amemwambia riba imepanda London, na ikipanda London imepanda kila penye shilingi yetu, na mabenki yote yameamriwa kukaza mkono.

"London wamepatwa na nini?" shangazi akauliza.

"Vitu vimekuwa ghali kwao, na pauni yao inayumba. Shilingi yetu ni mtoto wa pauni, Bi Time. Pauni ikiumwa, wanatunywesha sisi dawa."

Raya alikuwa ameacha kuparua. Kisha nikamsikia shangazi, kwa sauti ya chini kabisa, anasema, "Siye tumeharamishiwa riba. Hatujaila, hatujaitoa. Na bado imetufuata hadi ndani."

Haidari alikohoa, kisha akatoa shauri lake: amuuzie karafuu zikiwa juu ya miti, yeye alete watu wake. Alitaja bei. Raya alikitupa kisu ndani ya beseni. Bei hiyo ilikuwa kama theluthi ya thamani ya msimu wa kawaida, na Haidari alijua, kwani aliitaja macho yake yakiwa kwenye mkeka. Shangazi alimshukuru kwa kuja, akamtakia safari njema. Alipoondoka tulimkuta shangazi bado amekaa pale pale, anaukata ule mkate vipande vidogo vidogo ambavyo hakuna wa kuvila.

Nimeishi miaka mingi na jambo hili, nimelisoma, nimelifundisha, na kadiri ninavyolielewa ndivyo hasira yangu inavyozidi. Wakati ule sisi hatukuwa na benki kuu. Shilingi tuliyoitumia ilitolewa na bodi iliyokuwa mbali, na kila shilingi iliyotoka ilikuwa na thamani yake ya pauni iliyowekwa Uingereza. Hapakuwa na mtu Unguja, wala Nairobi, aliyeweza kusema: huku kwetu bei hazipandi, huku msimu unaanza, legezeni kidogo. Bei ya karafuu mwaka ule ilikuwa inashuka. Hakuna aliyekuwa na pesa nyingi za kukimbilia vitu vichache, ambayo ndiyo maana ya mfumuko wa bei wanayofundishwa watoto. Tulikuwa wagonjwa wa kitu kingine kabisa, na tukamiminiwa dawa ya nyumba nyingine. Nasema haya nikiwa si mtu wa kudharau mfumuko wa bei. Nimeuona baadaye, tulipokuwa na benki yetu wenyewe na noti zetu wenyewe, mshahara wa mwalimu ukigeuka karatasi mkononi kabla mwezi haujaisha. Najua bei zikiachwa zikimbie anayekanyagwa kwanza ni yule yule aliye chini. Sina ugomvi na breki. Ugomvi wangu ni na dereva anayefunga breki bila kutazama nyuma nani amesimama garini, kisha akifika anaandika kwamba safari ilikuwa nzuri.

Karafuu zikaanza kuwa nyekundu. Mzee Songoro, mkuu wa wachumaji, alikuja asubuhi moja na watoto wake wawili wa kiume kuuliza kazi inaanza lini. Wazee wake walitoka bara zamani, yeye amezaliwa Konde, na kwa miaka mingi ndiye aliyechuma shamba lile. Alikuwa mkali kwa watu wake. Mvua ikinyesha aliwateremsha wote na hakuruhusu mtu kugusa mti mpaka gome likauke. Shangazi alimweleza yaliyotokea na akamwomba afanye kazi kwa ahadi. Mzee Songoro aliweka fimbo katikati ya magoti. Akasema yeye binafsi angekubali, Bi Time si mtu wa kudhulumu, lakini wenye maduka Konde nao wameacha kukopesha, kwa kuwa wanaowaletea bidhaa wameacha kuwakopesha. Mchele wa ahadi haupo. "Watu wangu wanakula kila siku, Bi Mkubwa," alisema. Waliagana kwa heshima, kila mmoja akimwombea mwenzake heri. Wiki ile ile yeye na watoto wake wakashuka kusini, Kengeja, wakalime mihogo kwa jamaa wa mkewe. Na sisi kwenye sinia yetu wali ukatoweka. Tulikula muhogo wa kuchemsha bila nazi, chai bila sukari, na siku wavuvi walipokuja na dagaa wengi tukawa na mchuzi. Shangazi alikiweka chakula mbele yetu na kutazama pembeni.

Maua ya kwanza yalianguka baada ya hapo. Nayakumbuka asubuhi, meupe, yametapakaa njiani kama unga uliomwagika, na Raya amesimama katikati yake na ndoo ya maji kichwani. Aliitua ndoo. Aliingia ndani akamwambia mama yake, "Ntapanda miye." Shangazi akasema haiwezekani. Wanawake wa Pemba wamechuma karafuu tangu zamani, lakini matawi ya chini, yale yanayofikiwa kwa mkono au kwa ngoe, fimbo ya kuvutia matawi. Kazi yao kubwa ni kukaa chini na kuchambua, kutenga karafuu na makonyo yake. Juu, ambako ndiko kwenye mazao, ni kwa wanaume, na hata wao kila msimu huanguka. Walibishana kutwa nzima, mmoja chumbani mwingine uani, na kila mara Raya alirudi kwenye neno moja: zitachanua zote. Alikuwa anasema kweli na mama yake alijua. Mchana uliofuata walikuja wanawake watatu majirani, wote wenye miti yao iliyokuwa inachanua, na mmoja wao, Bi Hidaya, alikuwa amevaa suruali ya mumewe chini ya kanga. Shangazi alipomwona alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanyanyuka akaenda kutafuta kamba.

Zilikuwa siku nzuri, na hilo linaniuma kuliko mengine. Tulichuma shamba la mmoja leo, la mwingine kesho. Wao wanne walipanda, mimi na watoto tulikuwa chini tunapokea vikapu, na shangazi alikuwa uani anaanika kwenye majamvi. Kutoka juu yalishuka mazungumzo ambayo nisingeyasikia mahali pengine popote: juu ya waume, juu ya mawifi, juu ya nani alikuwa amependwa na nani kabla ya kuolewa. Raya aliimba. Alipanda haraka kuliko wote na akaniita kutoka kileleni kuniambia anaiona bahari ya pande mbili. Wanaume wa barazani walikuwa na maneno. Mmoja alimwambia shangazi kwamba anawaaibisha. Shangazi akamuuliza kama anakuja kupanda yeye, na hakuja. Khamis alipata habari huko Vitongoji, akatuma salamu kwamba atakuja kusaidia akimaliza kazi aliyokuwa nayo. Raya akacheka, akasema akija atampa kikapu kidogo.

Kisha mvua ya vuli ikashuka, siku nzima na nusu ya pili yake. Ilipokatika jua lilitoka kali na kila mti ukafuka mvuke. Mzee Songoro angekuwepo asingemruhusu mtu kukaribia. Lakini alikuwa Kengeja analima mihogo, na jua lile ndilo linalochanua maua, na mti mkubwa kuliko yote ulikuwa bado haujaguswa. Raya alipanda. Shangazi alimwambia angoje. Akasema anakwenda tawi la chini tu. Alikwenda tawi la chini, kisha la juu yake, kisha la juu ya hilo. Nilikuwa nimeinama napanga vikapu. Nilisikia mguu ukiteleza, sauti ya gome, na sauti yake ikisema "Mama," kwa kawaida tu, kama mtu anayemwita mama yake kutoka chumba cha pili. Alianguka kwa upande, juu ya mzizi. Karafuu zilizokuwa kikapuni mwake ziliendelea kumnyeshea baada ya yeye kuwa ameshatulia.

Tulimlaza chumbani kwetu. Fundi wa kuunga mifupa alikuja, akampapasa, akatikisa kichwa, akasema mkono anauweza lakini hii ni nyonga. Tukampeleka Wete kwa gari la abiria, amelala juu ya magunia matupu, shangazi amemshika kichwa na mimi miguu, na kila shimo la barabara lilimtoa sauti ambayo sitaieleza hapa. Daktari wa hospitali alikuwa mtu mwema. Alisema mfupa unataka kupasuliwa na kuwekwa sawa, na hilo halifanyiki Pemba. Apelekwe Unguja upesi, kabla haujajiunga wenyewe. Nauli ya watu, mahali pa kukaa, dawa, chakula cha mgonjwa. Shangazi alisikiliza yote akiitikia, "Ndiyo, bwana." Nje ya wodi aliniambia turudi Konde tukachukue karafuu.

Tulizichukua zote zilizokwisha kauka, na majirani wakaongeza zao, wala hawakuambiwa. Dukani kwa Haidari tulikuta rafu zimebaki nusu tupu na lori lake halipo. Benki ilikuwa imelichukua. Yeye mwenyewe alikuwa amepungua, shati limemlegea shingoni, na alipotuona na magunia alisimama kama anayetaka kukimbia. Alizipima karafuu, akataja bei, na bei ilikuwa chini hata ya ile aliyoitaja ukumbini kwetu. Alisema hapati wa kumuuzia, wanunuzi wakubwa Unguja nao wamekosa mikopo, hakuna anayeweka mali ghalani kwa riba ile. Wote wanauza kwa mara moja na hakuna anayenunua. Shangazi hakupiga kelele. Alimweleza kuhusu Raya. Haidari akakaa juu ya gunia.

"Nani kaamua haya?" shangazi alimuuliza.

"Meneja wa Unguja kaambiwa na wakubwa wake."

"Nao wakaambiwa na nani?"

"London."

"Kuna mtu huko London anayejua kama Konde ipo?"

Haidari alifikiri, na nadhani alifikiri kwa dhati. "Hakuna, Bi Time," alisema. "Wallahi hakuna."

Alitoa kilichokuwemo kwenye droo, akaongeza na cha mfukoni kwake. Hakikufika. Shangazi akauza mbuzi, akauza kitanda cha ukumbini, ndugu wakachanga, na kilipopatikana cha kutosha Raya alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe kitandani, na daktari alipomtazama tena alisema mfupa umejiunga. Umejiunga vibaya, lakini umejiunga. Kuuvunja upya ni hatari kuliko kuuacha. Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na mtu mbaya aliyefika Konde mwaka ule. Hakuna aliyetupiga wala kutuibia. Hata Haidari, ambaye nilimchukia kwa miaka, alikufa maskini. Nimewatafuta wa kuwakasirikia na nimewakuta mbali sana, wamekaa kwenye meza safi, na ninavyodhani walikuwa watu wa adabu kama Suleiman.

Khamis alikuja. Wazee wake walikuwa wamemtuma mtu kuulizia, kwa maneno laini, kama Bi Time atalichukulia vibaya wakilifikiria upya jambo la posa. Shangazi alisema hatalichukulia vibaya. Siku mbili baadaye Khamis mwenyewe akatokea mlangoni, amekuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na akasema aliyeposa ni yeye, si wazee. Walioana bila ngoma. Raya alihamia Vitongoji, akazaa watoto watatu, na kila uzazi ulimweka kitandani karibu na kufa kwa sababu ya nyonga ile. Alilima, alipika, alianika dagaa, akitembea kwa upande mmoja. Kwenye pilau ya nyumba yake hakutia karafuu, na mgeni akiuliza alisema zimekwisha.

Mimi nilipata nafasi ya Unguja, na baada ya Unguja nikapata chuo bara. Hapo, mwanzoni mwa miaka ya sitini, mwalimu wetu wa uchumi, mgeni kutoka Ulaya, mtu mchangamfu aliyependwa na wanafunzi, alitufundisha namna serikali zinavyozuia bei kupanda. Akatoa mfano. Alisema mwaka wa hamsini na saba, mwezi wa tisa, wakubwa wa fedha wa London walipandisha riba kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka mingi, na aliuita uamuzi wa ushujaa, kwani pauni ilisimama na gharama yake ilikuwa ndogo. Nilikuwa naandika. Kalamu yangu ikasimama juu ya ule mwezi. Niliurudia kichwani: wa tisa, wa kumi, kisha vuli. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Nilisimama nikamweleza darasa zima juu ya shamba la Konde, kwa Kiingereza changu cha wakati ule, nikiwa na hasira mpaka maneno yalikuwa yakinitoka mawili mawili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema anasikitika kwa ajili ya ndugu yangu, lakini bahati mbaya ya mtu mmoja si hoja ya kiuchumi, na somo la kuchukua hapa ni kwamba sera huangaliwa kwa jumla yake. Kisha akageukia ubao. Wenzangu walinitazama kwa huruma, na huruma yao ilinichoma kuliko jibu lake. Nilikaa. Niliandika kwenye ukingo wa karatasi: jumla ni nani?

Likizo ile nilipitia Vitongoji kabla ya kwenda kwingine. Raya alikuwa uani amekaa kwenye kibao, anakaanga samaki, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu haukunjiki, mtoto mdogo amelala mkekani pembeni yake. Nilimwambia nimejua. Nilimweleza yote tangu mwanzo, polepole, jinsi wanavyofanya na kwa nini: kwamba vitu vilikuwa vimepanda bei kule kwao, wakataka vishuke, wakaifanya pesa iwe ghali, na ughali ule ukaja mpaka kwa meneja wa Unguja, mpaka kwa Haidari, mpaka kwa Mzee Songoro, mpaka juu ya mti uliolowa. Nilitarajia alie, au atukane. Aligeuza samaki mmoja baada ya mwingine, wote, kisha akanitazama.

"Zilishuka?" akauliza.

"Nini?"

"Hizo bei zao."

Nikamwambia zilituama kidogo, mwaka mmoja hivi au miwili. Kisha zikapanda tena.

Raya alinitazama ahakikishe kwamba nimemaliza. Kisha akashika ukuta, akajinyanyua, akaenda kutafuta sahani.